Palipotoboka

Nimeshona nyavu Mwaloni miaka kumi na tisa.
Ukiniletea wavu uliochanwa na mwamba
sianzi pembe hii nikamalizia pembe ile.
Nautandaza, naupapasa, natafuta palipotoboka,
hapo ndipo ninapoketi.

Basi nini kilinipumbaza
nilipoanza gitaa na miaka yangu arobaini na mmoja,
kila alfajiri nikaupiga wimbo mzima,
kichwa hadi mkia,
nikiteleza palepale nilipoteleza jana,
nikipapita mbio
kama mwenye deni apitapo mbele ya duka?

Fabiani ndiye aliyenikamata.
Mchana anachomelea madirisha Igogo,
kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa kwanza.
Hakuvitazama vidole vyangu.
Aliinamisha kichwa, akafumba macho yake mekundu, akasikiliza.
Akasema: Mama Milembe, wimbo huu unaujua.
Usizozijua ni noti nne tu.
Kwa nini unazisumbua nyingine zote?

Noti nne.
Kidole cha pete kihame, kile cha mwisho kinyooke,
kitindamimba wa mkono,
hajawahi kutumwa hata dukani.
Polepole, akasema Fabiani,
polepole kuliko aibu yako inavyotaka.

Nikaenda kama tunavyopanda na ndoo kule Mabatini:
mguu ukishaliamini jiwe, ndipo mwenzake anyanyuke.
Naanza feri ya Kamanga ikipiga honi ya kwanza,
naacha ikipiga ya pili.
Si zaidi. Uji uko motoni.
Waya mwembamba ulipokatika nikafunga mshipi wa nailoni,
ule wa ndoano za sangara.
Fabiani akacheka, akaugusa, akanyamaza,
akasema uache.

Sikuona kitu. Wiki ya tatu, wiki ya tano.
Wengine hujipima kwa ncha za vidole kuota sugu;
zangu zilikuwa na sugu kabla Fabiani hajazaliwa.

Kisha nikaanza kukosea zaidi.
Ndivyo nilivyodhani.
Kila asubuhi makosa mapya: hii imekufa,
hii imechelewa, hapa waya umenguruma kama tumbo.
Nikamwambia: mwanangu, narudi nyuma.
Akauliza: mwezi wa tatu uliyasikia hayo?
Hapana.
Yalikuwepo.

Iko sauti niliyojirekodi kwenye simu mwezi ule.
Jana usiku niliifungua, nimejifunika kichwa kwa kanga
kama msichana anayesoma barua.
Mvua juu ya bati. Jirani anakohoa makusudi.
Na katikati ya mvua mtu fulani
anatafuta kitu gizani, anagonga vyombo,
anaomba radhi, anaanza tena kutoka mlangoni.
Nilimhurumia.
Hakujua kwamba ni noti nne.

Alfajiri hii Milembe yuko nje, anasugua sufuria kwa majivu,
kanipa mgongo,
anauimba wimbo wangu kwa puani.
Hajui kama namsikia.
Anafika pale panapopinda, nami nashika pumzi,
na yeye anapita tu,
kama mtu avukaye kizingiti cha kwao.
Anaendelea. Anasugua.
Halafu kule mwishoni kabisa
anachelewa kidogo, anashuka chini ya noti
kwa uaminifu wote,
vilevile ninavyoshuka mimi.

Nimesimama mlangoni na uzi mdomoni.
Kumbe pale pameziba.
Kumbe na hapa pana tundu,
na mtoto amelirithi bila kuulizwa.

Honi ya kwanza bado.
Navuta kigoda.